Kufuatilia Misimu ya Usanisinuru kwa Vipimo vya Mwanga: Mwongozo kwa Misitu ya Miombo

Misitu ya miombo ya Tabora huanza kubadilika rangi kabla mvua haijanyesha. Kuanzia Septemba, wakati udongo bado ni mkavu na moshi wa moto wa nyika umetanda angani, mitundu na miti mingine ya jamii yake huchipua majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba, ambayo huchukua muda kugeuka kijani. Mvua huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili au mapema Mei. Baada ya hapo miti mingi hubaki na majani ya kijani kwa sehemu kubwa ya kiangazi kabla ya kuyapukutisha. Anayetaka kujua ni lini hasa msitu huu unafanya usanisinuru, yaani unatumia nguvu ya jua kugeuza hewa ukaa na maji kuwa sukari, hukutana na mitego miwili. Mwanzoni mwa msimu majani yapo lakini hayajakomaa kwa kazi, na mwishoni majani ni ya kijani lakini kazi imepungua kwa sababu mizizi haipati maji ya kutosha.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa misitu, ofisa wa hifadhi au kikundi cha watafiti wenye bajeti ya kawaida wanaotaka kufuatilia kazi hiyo kwa kupima mwanga. Nimechagua miombo kwa sababu mitego yote miwili imo humo waziwazi, na kila mmoja unahitaji kipimo chake. Kiashiria kimoja hakitoshi kwa mwaka mzima, hata kama kinatolewa bure na setilaiti na kuchorwa vizuri kwenye grafu.

Mwanga unaofika kwenye jani

Mwanga unapolifikia jani, sehemu yake huakisiwa, sehemu hupenya na kutokea upande wa pili, na iliyobaki hufyonzwa. Ule uliofyonzwa na umbijani, yaani rangi ya kijani ya majani (klorofili), una njia tatu: kuendesha usanisinuru, kupotea kama joto, au kutolewa tena na jani lenyewe kama mng'ao hafifu mwekundu unaoitwa fluoresensi. Mwaka 1972 mwanasayansi Mwingereza John Monteith, akiandika kuhusu uzalishaji wa mimea katika tropiki, alieleza uhusiano ambao hadi leo ndio msingi wa kazi hii: usanisinuru wa kanopi, yaani tabaka la juu la majani na matawi ya msitu, ni zao la mambo matatu, yaani kiasi cha mwanga unaofika, sehemu ya mwanga huo inayofyonzwa na majani, na ufanisi wa majani katika kuutumia. Mambo mawili ya kwanza hupimika kwa urahisi kiasi. Lile la tatu ndilo gumu, na ndilo linalobadilika wakati macho yetu hayaoni mabadiliko yoyote ya rangi.

Kuchagua eneo na kuweka mnara

Chagua sehemu ambayo miti yake inawakilisha msitu unaouchunguza kwa aina, umri na msongamano, na ambayo inaendelea kwa mamia ya mita kila upande, ili vipimo vya mnara viweze kulinganishwa na picha za setilaiti. Kwa Tanzania, kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na msitu wa hifadhi unahitaji pia ruhusa ya wanaousimamia. Jambo hili lianze mapema, kwa sababu kuchelewa kwa mwezi mmoja kunaweza kukukosesha kipindi cha kuchipua na kukulazimu kusubiri mwaka mwingine.

Mnara wa kubeba vihisi uvipite vilele vya miti kwa mita kadhaa. Kihisi kinachotazama chini kwa upeo wa nusu tufe hupata takriban asilimia 90 ya mwanga wake kutoka kwenye duara ambalo nusu kipenyo chake ni mara tatu ya urefu wa kihisi kutoka kwenye kanopi. Kikiwa mita 5 juu ya vilele, basi, kinaona duara la mita 15 kila upande. Mti mmoja mkubwa ulioko chini yake unaweza kutawala kipimo chote. Kagua duara hilo kabla hujakaza boliti yoyote, na uandike kila mti uliomo kwa jina na kimo.

Moto ni hatari ya kweli katika miombo. Safisha njia ya kuzuia moto kuzunguka kituo, lakini iwe nje ya duara linaloonwa na vihisi, la sivyo utakuwa unapima udongo mtupu. Nyaya zipite ndani ya mabomba, kwa ajili ya moto na panya pia.

Kupima mwanga unaofyonzwa

Kipimo ambacho ningekiweka hata kama fedha hazitoshi kwa kingine chochote ni cha mwanga wenye urefu wa wimbi wa kati ya nanomita 400 na 700, ambao ndio mimea huutumia. Kihisi chake huhesabu fotoni, na matokeo huandikwa kwa mikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde. Jua kali la mchana katika tropiki hufikia karibu 2000. Juu ya kanopi weka vihisi viwili, kimoja kikitazama mbingu na kingine kikitazama miti. Chini ya miti weka vingine vikitazama juu, vingi kadiri unavyoweza, kwa sababu mwanga wa chini ya miti una mabaka ya jua na kivuli, na kihisi kimoja hakiwezi kuuwakilisha. Ningesita kuamini wastani unaotokana na vihisi vichache kuliko kumi.

Vihisi vya chini viwekwe juu ya kimo cha nyasi. Nyasi za miombo hufika urefu wa mtu mzima kufikia mwisho wa mvua, na kihisi kilichowekwa karibu na ardhi kitahesabu kivuli cha nyasi kama kivuli cha miti. Ukikiweka mita 2 au zaidi kutoka ardhini, unapata kitu ambacho setilaiti haiwezi kukupa kwa urahisi: mwanga uliozuiwa na miti peke yake.

Hesabu ni hii. Kama juu ya kanopi kuna 1600 na chini wastani ni 400, robo ya mwanga imepenya. Logi asilia ya 0.25 ni −1.39, ukiondoa alama ya hasi na kugawanya kwa 0.5, ambayo ni thamani ya kawaida kwa majani yaliyoelekea pande zote bila mpangilio, unapata takriban 2.8, yaani mita za mraba 2.8 za majani juu ya kila mita ya mraba ya ardhi. Hata hivyo, vigogo na matawi nayo huzuia mwanga. Tafuta siku ambazo miti ina majani machache kabisa, chukua kiasi kilichozuiwa siku hizo kuwa ni cha mbao, kisha kitoe katika vipimo vya mwaka mzima. Bila hatua hiyo msitu uliopukutika utaonekana bado una majani.

Vipimo hivi vinakuambia majani yalipotoka na yalipoanguka. Kama yanafanya kazi au la, havisemi lolote.

Mtego wa kwanza: jani jekundu

Kiashiria kinachojulikana zaidi kwa jina la NDVI hulinganisha mwanga mwekundu na ule wa infraredi ya karibu, usioonekana kwa macho: unatoa uakisi wa mwekundu kutoka kwa uakisi wa infraredi, kisha unagawanya kwa jumla ya vyote viwili. Jani lenye afya hufyonza karibu mwanga wote mwekundu na kuakisi sehemu kubwa ya infraredi, kwa hiyo namba hupanda kadiri majani yanavyoongezeka. Katika kanopi nzito, hata hivyo, hufika kikomo na kuacha kupanda, na katika miombo ina tatizo jingine kubwa zaidi. Ikipimwa kutoka angani, huchanganya miti na nyasi. Miti huchipua kabla ya mvua na nyasi huota baada ya mvua, kwa hiyo mstari wa grafu hupanda kwa awamu mbili, na mtu asiyejua msitu huona msimu mmoja mrefu na kudhani ni kazi ya miti yote.

Majani machanga mekundu yana antosianini, rangi asilia inayofyonza zaidi mwanga wa kijani, karibu na nanomita 550. Umbijani wake bado ni mdogo. Kamera ya kawaida iliyofungwa mnarani, ambayo watu huitumia kukokotoa sehemu ya kijani katika jumla ya nyekundu, kijani na bluu, inaweza kuonyesha kijani kikishuka wakati ambapo majani mapya yanajaa mtini. Ukiitumia, na inafaa kutumiwa kwa kuwa ni nafuu, zima urekebishaji wa rangi unaofanywa na kamera yenyewe, ielekeze chini kidogo ili anga isichukue sehemu kubwa ya picha, na ukokotoe pia sehemu ya nyekundu. Kupanda kwa nyekundu kutakupa tarehe ya kuchipua, na makutano ya kushuka kwa nyekundu na kupanda kwa kijani yatakupa tarehe ya kukomaa.

Kipimo bora cha kukomaa kwa jani kinapatikana katika eneo la kati ya nanomita 700 na 750, liitwalo ukingo mwekundu, ambapo jani huacha kufyonza na kuanza kuakisi kwa wingi. Antosianini haifyonzi mwanga wa eneo hilo, lakini umbijani bado unagusa upande wake wa mwanzo, kwa hiyo wekundu wa jani changa haukuvurugi. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ya kwanza iliyorushwa mwaka 2015 na ya pili mwaka 2017, zina bendi, yaani vipande vya mwanga vinavyopimwa peke yake, katika eneo hilo na pembeni yake: bendi ya 5 karibu na nanomita 705 na bendi ya 7 karibu na 783, zote zikiwa na pikseli za mita 20. Gawanya uakisi wa bendi ya 7 kwa ule wa bendi ya 5, toa moja, na umepata kiashiria cha umbijani wa kanopi. Katika miombo kitachelewa kupanda kuliko vipimo vya mwanga uliozuiwa, na ucheleweshaji huo ndio unaoutafuta: ni muda ambao jani lipo lakini bado linajijenga. Kwa kuwa nacho kinaona nyasi, kipe uzito zaidi katika wiki za kabla ya mvua, wakati ardhi haina mmea mwingine wa kijani. Baada ya hapo kisome sambamba na vihisi vya chini ya miti.

Picha hizo hupatikana bure, na huduma ya mtandaoni ya Google Earth Engine hukuwezesha kuzichakata bila kuzipakua. Tumia zilizosahihishwa athari za angahewa, yaani kiwango cha 2A, na uondoe mawingu, vivuli vyake na siku za moshi mzito. Ondoa pia maeneo yaliyoungua karibuni, kwa sababu majivu meusi hubadilisha uakisi wa ardhi na kusogeza viashiria vyote bila jani hata moja kubadilika.

Pembe ya jua

Hapa panahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu kosa lake huonekana kama ugunduzi. Mwaka 2006 Alfredo Huete na wenzake walichapisha matokeo ya setilaiti yaliyoonyesha misitu ya Amazon ikizidi ukijani wakati wa kiangazi. Mwaka 2014 Douglas Morton na wenzake wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilitokana na pembe kati ya jua na setilaiti: jua likiwa nyuma ya kihisi, vivuli vya kanopi hufichika na msitu huonekana kung'aa zaidi. Utafiti uliofuata, uliochapishwa mwaka 2016 na Jin Wu na wenzake, ulirudi kwenye minara na kamera na kueleza kwamba umri wa majani ndio sababu muhimu ya kupanda na kushuka kwa usanisinuru huko, kwani majani yaliyotoka kukomaa hufanya kazi vizuri kuliko yaliyozeeka. Mjadala huo unapaswa kusomwa na kila anayefanya kazi hii katika tropiki.

Kwa Tabora, iliyoko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua hupita utosini mapema Oktoba na tena mapema Machi. Oktoba ndio msimu wa kuchipua. Kihisi kinachotazama chini wima wakati wa adhuhuri siku hizo kitaona kanopi isiyo na vivuli kwa wakati uleule majani yanapobadilika, na huwezi kuyatenganisha mambo hayo mawili baadaye. Suluhisho la mnarani ni kulinganisha siku kwa siku vipimo vilivyochukuliwa jua likiwa kwenye pembe ileile, kwa mfano nyuzi 40 kutoka utosini, badala ya saa ileile. Kumbuka pia kwamba saa za Afrika Mashariki zimewekwa kwa longitudo ya 45, nayo Tabora iko karibu na 33, kwa hiyo adhuhuri ya jua huko huja kwa wastani dakika 48 hivi baada ya saa sita mchana. Kwa setilaiti, bidhaa ya MODIS, kihisi kilichomo kwenye setilaiti za NASA, iitwayo MCD43A4 tayari imesahihishwa pembe ya kutazama, ingawa pikseli zake ni za mita 500. Mimi huona ni busara kuchora mstari wake pembeni mwa ule wa Sentinel-2, na kutilia shaka badiliko lolote linaloonekana katika mmoja tu.

Mtego wa pili: jani la kijani lisilofanya kazi

Mvua ikikatika, miti hufunga vinyweleo vya majani, yaani vitundu vidogo vya kupitishia hewa, kwa sehemu kubwa ya mchana ili isipoteze maji, na hewa ukaa haiingii. Umbijani bado upo na mwanga bado unafyonzwa, kwa hiyo nguvu ya ziada lazima itolewe kama joto. Jani hufanya hivyo kwa kubadilisha kundi la karotenoidi (rangi asilia za manjano na chungwa) ziitwazo zanthofili, badiliko linalotokea ndani ya dakika chache na kupunguza kidogo uakisi wa mwanga wa nanomita 531. Mwaka 1992 John Gamon, Josep Peñuelas na Christopher Field walipendekeza kiashiria kinacholinganisha 531 na urefu wa wimbi wa rejea, kiitwacho PRI. Siku hizi rejea hiyo kwa kawaida ni 570: toa uakisi wa 570 kutoka kwa ule wa 531, gawanya kwa jumla ya vyote. Kikishuka, jani linatupa mwanga badala ya kuutumia.

Badiliko hilo ni dogo sana, hivyo vihisi vyake viwe na bendi nyembamba, za nanomita 10 hivi, na uwe na jozi mbili zinazofanana, moja ikipima mwanga wa mbinguni na nyingine ule wa kanopi, kwa wakati mmoja. Thamani yake hubadilika pia polepole kwa wiki na miezi kadiri uwiano wa karotenoidi na umbijani unavyobadilika, na katika wiki za majani mekundu antosianini huivuruga kabisa, kwa kuwa inafyonza mwanga wa bendi hizohizo. Usiitumie Septemba na Oktoba.

Kuanzia Aprili ndipo inapokuwa na thamani kubwa, na njia ninayoipendekeza ni kulinganisha asubuhi na alasiri ya siku moja isiyo na mawingu. Chukua kipimo kimoja muda wa saa tatu kamili kabla ya adhuhuri ya jua na kingine muda wa saa tatu kamili baada yake. Urefu wa jua angani ni uleule na uwiano wa karotenoidi na umbijani haujapata muda wa kubadilika, kwa hiyo tofauti inayobaki inatokana zaidi na hali ya maji ndani ya mti. Ikiwa alasiri inazidi kushuka chini ya asubuhi kadiri wiki zinavyopita, unaona ukame ukiingia kazini kabla jani halijageuka njano. Kihisi kitazame chini wima, ili upande wa mashariki na wa magharibi wa kanopi visipewe uzito tofauti.

Fluoresensi

Kipimo kilicho karibu zaidi na kazi yenyewe ni ule mng'ao wa umbijani, ambao ni takriban asilimia 1 hadi 2 ya mwanga uliofyonzwa na hutokea kati ya nanomita 650 na 850. Umezama ndani ya mwanga wa jua unaoakisiwa, hivyo hutafutwa katika mistari myeusi ambako mwanga wa jua umepungua, hasa ule wa oksijeni karibu na nanomita 760. Spektromita yake inapaswa kutenganisha sehemu ndogo ya nanomita moja, na gharama yake ni kubwa. Kikundi kidogo kinaweza kuanza na data za setilaiti: ramani za kwanza za dunia nzima zilitolewa mwaka 2011 kutoka setilaiti ya GOSAT ya Japani, ikafuata OCO-2 ya Marekani iliyorushwa mwaka 2014, na TROPOMI ya Ulaya iliyorushwa mwaka 2017, ambayo pikseli yake ya katikati ni takriban kilomita 3.5 kwa 5.5. Miombo ya Tabora na Katavi ni mipana vya kutosha kwa pikseli hizo, mradi uepuke zilizochanganyika na mashamba.

Ushahidi mzuri wa thamani yake ulitoka Niwot Ridge, msitu wa miti ya jamii ya misonobari katika milima ya Colorado, mita 3050 juu ya usawa wa bahari. Miti hiyo hubaki kijani majira yote ya baridi ingawa usanisinuru wake husimama. Utafiti wa Troy Magney na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba umbijani wa sindano zake ulibadilika kidogo sana, wakati fluoresensi iliyopimwa mnarani ilipanda na kushuka pamoja na usanisinuru kwa misimu. Kwa saa moja moja uhusiano huo ni dhaifu zaidi, na vinyweleo vikifungwa ghafla fluoresensi inaweza isishuke kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo itumie kwa wastani wa wiki au wiki mbili, na uiache PRI ieleze ya ndani ya siku.

Kuthibitisha na kutunza

Mara moja kwa wiki wakati wa kuchipua, na mara moja kwa mwezi baadaye, chukua majani kutoka matawi ya juu yanayopata jua ya aina zilezile za miti, uyapime umbijani kwa kipima-umbijani cha mkononi, uyapige picha juu ya karatasi nyeupe, na uandike aina na hatua ya ukuaji. Mninga na mtundu havichipui siku moja, na mstari mmoja wa mnara huficha tofauti hiyo. Ukipata nafasi ya kushirikiana na mnara unaopima moja kwa moja mtiririko wa hewa ukaa kati ya msitu na angahewa, vipimo vyako vya mwanga vitapata kitu cha kulinganishwa nacho.

Vumbi la kiangazi na masizi ya moto hupunguza usomaji wa kihisi polepole kiasi kwamba grafu hufanana na msimu halisi. Safisha vihisi kila unapotembelea kituo, andika usomaji wa kabla na wa baada ya kusafisha, na urekebishe data za siku zilizotangulia kwa tofauti hiyo. Hakikisha kila kihisi kimelala sawa kwa pimamaji. Mara moja kwa mwaka panga vihisi vyote vya aina moja bega kwa bega kwenye uwanja ulio wazi kwa siku nzima ili uone kipi kimepotoka, na baada ya kila miaka miwili hivi vipelekwe kulinganishwa upya na kipimo sanifu. Hifadhi namba ghafi jinsi zilivyotoka kwenye kinasa data, pamoja na daftari la matembezi, katika sehemu mbili tofauti. Masahihisho yote yafanywe kwenye nakala.